Samaki wa Kulala Kando ya Fahali

Felisian wa Etaro alikuwa na mikono ya kuvua na mdomo wa kumponza. Mikono ilimlisha, mdomo ukamtia taabuni, na mwaka ule wa themanini na tano, sabuni na sukari zilipoanza kuonekana tena madukani, mdomo ulikaribia kuishinda mikono kabisa.

Ilianzia Butiama, kwa dada yake Eufrasia. Mtoto wa Eufrasia, Pastory, alikuwa amepata upadri, na Jumapili ya mwisho ya mwezi angesoma misa yake ya kwanza nyumbani. Ndugu wakakutana kupanga sherehe. Upande wa baba walikuwa watu wa ng'ombe, na msemaji wao alikuwa mzee Mwikwabe, kaka wa marehemu mume wa Eufrasia. Upande wa mama walikuwa watu wa ziwa, na msemaji wao alikuwa Felisian, mjomba wa padri. Kwa watu wa ziwa mjomba si mgeni wa kukaa kitini akasubiri sahani. Mjomba huja na kitu, na kitu hicho watu hukitaja hata akishazikwa.

"Sisi tunatoa fahali," alisema Mwikwabe. "Yule mweusi mwenye nundu. Mnamjua."

Walimjua. Walipiga makofi.

"Sasa tuwasikie watu wa maji. Mtaleta dagaa? Maana padri wetu bado ana meno."

Watu wakacheka. Felisian akasubiri wamalize.

"Mimi nitaleta samaki, shemeji."

"Samaki ni mboga ya mgonjwa. Lakini lete tu, shemeji yangu, hatukatai. Tutakuachia nafasi pembeni ya majani ya migomba, pale karibu na utumbo, uweke kasamaki kako."

Mtu mwenye akili angecheka na wenzake yakaisha. Felisian akasimama.

"Nitaleta samaki atakayelala kando ya fahali wako, na fahali ataona haya."

Kisha Mwikwabe akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja. "Mmesikia wote? Amesema mbele ya padri!"

"Nimesikia," alisema Pastory, naye akitabasamu. "Mjomba, usizame tu."

Njia nzima ya kurudi Etaro, Felisian hakuwa na wasiwasi kama samaki huyo yupo. Alikuwa amemwona.

Kuna mwamba ng'ambo ya Etaro, mweupe kwa mavi ya minandi, wale ndege weusi wanaotanua mabawa juani kama nguo zilizoanikwa. Watu huuita Mwamba wa Minandi. Asubuhi moja maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sufuria, na Felisian akainama juu ya ubao wa mtumbwi atazame chini. Aliona jiwe. Halafu jiwe likageuka. Likapita chini ya mtumbwi polepole, likachukua muda mrefu kwisha kupita, na jicho lake lilipokutana na jua likawaka rangi ya dhahabu, kama taa ndani ya nyumba ya mtu. Alikuwa sangara. Felisian alikaa chini asiseme neno, na kwake kunyamaza ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Kila kitu ziwani kilikuwa na hadithi yake. Mamba alikuwa nayo, kamongo alikuwa nayo, hata furu mdogo wa kuchezea watoto alikuwa na wimbo. Sangara hakuwa na chochote. Babu yake Felisian alikufa bila kumjua. Baba yake alikufa bila kumjua. Alifika wakati Felisian mwenyewe ameshaota ndevu, akajaa ziwa zima, na hakuna mzee aliyeweza kukwambia huyu ni nani na anataka nini.

Yule wa kwenye mwamba hakutaka chambo kilichokufa. Alizungukwa na furu hai siku nzima. Angehangaika na vipande vya dagaa kwa nini? Alitaka kitu kinachokimbia. Felisian alitengeneza kijiko. Unachukua kijiko cha kulia, unakata mkia, unagonga bapa juu ya jiwe, unatoboa tundu, unakiacha kizunguke kwenye uzi mbele ya ndoana. Mtumbwi ukitembea, kijiko huzunguka na kumetameta kama furu aliyejeruhiwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kijiko cha Felisian hakikuzunguka. Kiliyumba tu kama mlevi anayetafuta mlango.

Ubaya ulikuwa kwenye uzi.

Miaka ile migumu, madukani hapakuwa na mshipi wa kuvulia, na wavuvi walivulia nyuzi za tairi. Asicheke mtu. Kule Guta, upande wa Bunda, alikuwepo Apolinary aliyekusanya matairi chakavu ya malori ya pamba. Aliyakataa yenye waya ndani, akachukua yenye nyuzi, akaloweka, akachuna mpira, akavuta uzi mmoja mmoja na kusokota juu ya paja. Uzi huo uliilisha rasi nzima. Felisian aliujua kwa meno: akiuuma alikwambia umetoka pembeni mwa tairi au chini panapokanyaga barabara. Ila ulikuwa mnene, mweusi, wenye manyoya, mgumu kama msimamo wa mama mkwe. Kijiko hakiwezi kucheza kwenye uzi wa namna hiyo.

Alikipitisha hivyo hivyo kando ya mwamba. Kivuli kikapanda, kikasogea, kikatazama, kikashuka tena bila haraka, kama mtu mzima aliyeonyeshwa kitu cha kitoto.

"Amekuona mpaka kofia," alisema Florian, jirani yake, aliyekuwa anapiga kafi. "Kamba kama ya kufungia mbuzi! Hata mimi ningekuwa samaki ningeenda zangu."

Wiki ya sherehe ilipofika, Felisian alivuka kwenda Musoma mjini, akaingia duka la Stanislausi pale Iringo. Alisimama mlangoni kwanza. Duka alilolizoea, lenye rafu tupu na mizani iliyolala, lilikuwa limejaa. Sabuni za miche zilikuwa zimepangwa kama matofali. Watu waliofulia majani ya mpapai miaka ya shida walisimama mbele ya sabuni hizo wakinusa tu.

"Nataka uzi wa kuvulia," alisema.

Stanislausi akashusha vibunda vitatu vya nailoni, bidhaa za kutoka Kenya kupitia Sirari. Cha kwanza uzi wake mwembamba kama nywele za mzungu. Cha pili mnene kiasi. Cha tatu mnene kama njiti ya kiberiti. Vyote vilikuwa na rangi ya maji, yaani havikuwa na rangi.

Mkono wa Felisian ulienda kwenye ule mnene. Hakufikiri. Miaka yote aliyovua, unene ndio uliokuwa nguvu.

"Kwa kazi gani?" aliuliza Stanislausi.

"Sangara. Kwa kijiko."

"Basi huo acha. Tazama." Akakata kipande, akakiachia mezani. Kikajikunja chenyewe, mzunguko juu ya mzunguko. "Unakumbuka kibunda chake. Ukiutupa majini utajikunja hivi hivi, na kijiko kitayumba. Huu wa kati husahau haraka."

"Huo wa kati utamkamata nani? Sangara wangu anameza mtoto mchanga."

"Mzee, wewe unavuaga kwa macho?" Stanislausi akajaza glasi maji, akatumbukiza ncha ya uzi wa kati. "Niambie umefika wapi."

Felisian akainama. Aliona uzi ukiingia kwenye maji, na hapo ukaisha. Chini palikuwa na maji na ukucha wa Stanislausi upande wa pili wa glasi. Akatia kidole. Kidole kiligusa uzi. Akakitoa, akakitazama kidole.

"Haiwezekani," alisema.

Stanislausi akauzungusha uzi ule ule kwenye sanduku la sabuni, akauviringa mara nyingi pande zote, akaufunga kwenye mti wa fagio na kuinua. Sanduku likapanda. Likaning'inia hewani juu ya meza, zito, likizunguka taratibu, na kati yake na mti wa fagio hapakuwa na kitu. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananusa sabuni akajipiga ishara ya msalaba.

"Nipe huo," alisema Felisian kwa sauti ndogo. Akamwachia Stanislausi kapu la sato wakavu aliokuja nao, wakashikana mikono.

Ijumaa alfajiri walikuwa kwenye mwamba, yeye na Florian. Felisian alikuwa amefunga ndoana usiku uliopita kwa fundo alilofundishwa na baba yake, fundo la mizunguko miwili. Fundo hilo halikumwangusha hata siku moja. Mbele ya kijiko alikuwa ameweka vipande vya mrija wa kalamu ya biki ili kiweze kuteleza.

Kikazunguka! Felisian alikiona kikishuka kwenye maji ya kijani, kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima, na hakuna kilichokishika. Kilikwenda chenyewe kama kitu kilichozaliwa humo.

Kivuli hakikuja kutazama safari hii. Kilipiga. Mkono wa Felisian ukavutwa mpaka begani, uzi ukaimba juu ya ubao, mtumbwi ukainamisha kichwa. Florian akapiga yowe. Halafu uzi ukalegea, na kila kitu kikawa kama hakijatokea.

Felisian akavuta uzi wote. Hapakuwa na ndoana wala kijiko.

"Umekatika," alisema Florian. "Nilijua! Kitu hakionekani, unamfungia nacho mnyama? Rudi kwenye tairi, Felisian. Au nenda kaombe radhi Butiama leo, kabla hawajachinja. Mimi nitakusindikiza, nitalia kidogo kama utahitaji."

Felisian akarudi nyumbani na uzi mkononi, akakaa jikoni kwenye kigoda. Kesho Jumamosi fahali angechinjwa na ndugu wote wangekuwepo. Mwikwabe angemwonyesha pale pembeni karibu na utumbo, na wangecheka, na Pastory angeanza upadri wake akiwa mpwa wa mjomba mwenye maneno matupu. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mkewe Dorotea alikuwa anapepeta mtama. "Baba Lukas, nani kakufia, huyo samaki?"

"Uzi umekatika."

"Lete." Akauchukua, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango. Ncha yake ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe. Dorotea akaitazama, akaanza kucheka.

"Unacheka nini, Mama Lukas? Mimi nakufa hapa."

"Haujakatika huu. Uliokatika huwa na ncha kali. Huu umefunguka. Ulitelezea kwenye fundo ukajikunja wakati unatoka. Umeufunga kama uzi wa tairi?"

"Fundo la baba."

"Baba alifunga vitu vyenye manyoya. Manyoya yanashikana. Huu unateleza kama kambale." Akaweka ungo chini. "Mwanaume, shanga zangu za kiunoni zimetungwa na nini?"

Felisian akatazama mlangoni kama kuna mtu. "Mambo gani hayo mchana?"

"Nauliza. Dada yangu wa Migori, kule Kenya, aliniletea uzi wa kuzitungia zamani, wakati ninyi mnachuna matairi. Ni huu huu. Umezijua shanga hizi tangu Lukas hajazaliwa. Ulishawahi kuzisikia zikimwagika?"

Felisian akafikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Pamoja na vurugu zako zote."

"Nimesema hapana!"

"Basi miaka yote hiyo umelala na fundo, na hukuwahi kulitazama."

Alipoacha kucheka alimwonyesha. Alipitisha uzi kwenye tundu la ndoana, akaiviringisha ncha juu ya uzi wenyewe, mara nyingi kuliko Felisian alivyodhani inahitajika, akairudisha kwenye kile kitanzi kidogo kilicho karibu na ndoana. Hakuvuta. Akaweka fundo mdomoni kwanza, akalilowesha kwa mate.

"Ukivuta likiwa kavu linajiunguza lenyewe, na hutaona. Mate. Halafu taratibu."

Mizunguko ikasogea, ikajipanga mmoja kando ya mwenzake kama ng'ombe zizini, ikakaa. Felisian akavuta. Akafunga ndoana kwenye nguzo ya jiko na kuvuta kwa mwili wake wote. Vumbi likaanguka kutoka darini. Fundo lilibaki lilivyo, dogo kuliko punje ya mtama, na yeye akalitazama kama alivyotazama jicho la yule samaki.

Walichukua kijiko cha mwisho cha nyumba. Kisha Dorotea akaingia chumbani, akatoka na shanga nyekundu kiganjani.

"Hizi huteleza kuliko mirija ya kalamu. Usizipoteze. Ukizipoteza, utajua mwenyewe utakavyozitafuta."

Jumamosi ziwa lilikuwa la kijivu na tulivu. Minandi walikuwa hawajaamka. Florian alikuja akilalamika, lakini alikuja. Kijiko kikashuka, shanga nyekundu zikashuka, ukabaki mng'aro peke yake ukizunguka ndani ya giza la maji.

Sangara alipiga palepale.

Felisian hakuvuta. Alimwachia, uzi ukapita kwenye kitambaa alichojifunga mkononi, kitambaa kikapata moto. Alingoja ulegee. Haukulegea. Ulinyooka kutoka mkononi mwake kwenda majini na mtumbwi ukaanza kusogea.

"Felisian," alisema Florian, kafi lake likiwa magotini. "Nani anapiga kafi?"

Hakuna aliyepiga kafi. Mtumbwi ulikuwa unakwenda, ukikata maji kwa sauti, ukiuzunguka mwamba. Wanawake waliokuwa wanachota maji ufukweni walisimulia baadaye kwamba walimwona Felisian ameegemea nyuma, mikono mbele, ameshika hewa, na hewa inamvuta. Mmoja wao alidhani amepandwa na kitu, akaweka ndoo chini na kuanza Salamu Maria.

Halafu ziwa likafunguka, na sangara akaruka. Alitoka mzima. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa juu yao, mwenye mgongo wa fedha, mdomo wazi kama mlango wa ghala, akitikisa kichwa, na kwenye pembe ya mdomo shanga nyekundu za Dorotea ziking'aa. Alipoanguka, minandi wote waliamka na kuruka, na anga lote likawa jeusi kwa mabawa.

Florian hakupiga yowe. "Bwana wangu," alisema, basi.

Jua lilikuwa limepanda sana samaki alipochoka. Alikuja kando ya mtumbwi kwa ubavu, akapumua, na Felisian akauona uzi ukitoka kwenye mdomo ule mkubwa: mstari wa mwanga, ukionekana na kupotea. Kitu chenye nguvu ya kukokota mtumbwi kilikuwa kimeshikwa na mate ya mwanamke na mstari wa mwanga. Jicho la dhahabu likamtazama. Felisian alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi ya siku hiyo, ya kumtukana na ya kumsifu.

"Pole, mzee," alisema, na kuchukua kulabu.

Hawakuweza kumpakia. Walimkokota mpaka ufukweni, wanaume wakaitwa. Walimtoa matumbo, wakamjaza majani mabichi ya mafunjo, wakamfunika magunia yaliyoloweshwa, wakamvusha Musoma na mtumbwi mkubwa. Pale mjini Felisian na Dorotea walipata lori linalokwenda Buhemba. Dereva alikuwa na haraka, akipiga honi. Alishuka kuwafokea, akafunua gunia, akalirudisha taratibu kama anamfunika mgonjwa, na njia nzima mpaka Butiama aliendesha polepole kwenye mashimo.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi walipoingia uani kwa Eufrasia. Fahali alikuwa ameshachunwa, amelazwa juu ya majani ya migomba, na wazee wamemzunguka. Pembeni karibu na utumbo palikuwa na jani moja limetandikwa peke yake, safi, dogo. Mwikwabe ndiye aliyelitandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Shemeji!" aliita bila kugeuka. "Umefika na dagaa wetu?"

Wanaume wakamshusha samaki kwa mti mabegani, mti ukalalamika. Walipotoa magunia, watoto waliokuwa wanakimbia walisimama. Eufrasia akaweka mkono mdomoni. Padri Pastory alitoka ndani na taulo shingoni, akasimama palepale alipokuwa.

Mwikwabe akageuka. Alimtazama samaki kuanzia kichwa, akatembea mpaka mkiani, akarudi. Alipima kwa fimbo yake ya kuchungia na fimbo ikaisha kabla ya samaki. Alichuchumaa, akatazama ndani ya mdomo.

"Ulimfunga kwa mnyororo gani?"

Felisian akatoa uzi mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mzee. Mwikwabe alikuwa mtu wa kamba za ngozi, kamba unazozinusa kabla hujaziona. Akakitazama kiganja chake.

"Unanidharau. Hapa hakuna kitu."

"Vuta, shemeji."

Mzee akavuta, na kitu kisichokuwepo kikamkata kidole. Akakinyonya kidole, akautafuta tena uzi kwa kuupapasa, akauinua kuelekea jua, akaupoteza, akaupata. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kama mtoto.

"Na hizi shanga nyekundu hapa mdomoni? Alimeza bibi harusi?"

Kicheko kikaanza. Wazee wote wakamgeukia Felisian, wakisubiri, maana walimjua, na jibu lake lingekuwa refu. Nyuma ya masufuria Dorotea akakohoa mara moja.

Felisian akafungua mdomo. Akamtazama mkewe, akamtazama samaki, akaufunga.

Mwikwabe alingoja, akaona hakuna kinachokuja. Akainuka kwa kuegemea fimbo yake, akalitazama lile jani dogo alilolitandika asubuhi, akalikunja na kulitupa.

"Sogezeni ng'ombe," aliwaambia vijana wake.